Binadamu Hakutokana na Nyani: Deni la Wanakiswahili katika Mjadala wa Mageuko

Kuna sentensi moja ya Kiswahili ambayo madhara yake yamezidi urefu wake. Ina maneno manne tu: "Binadamu alitokana na nyani." Husemwa madarasani, mimbarini, ndani ya matatu na kwenye vikao vya wazee. Wanaoikubali huitamka kana kwamba ni muhtasari wa sayansi, na wanaoikataa huitamka kwa kejeli, wakiuliza mbona nyani wa leo hawaendelei kuzaa watu. Pande zote mbili hukosea pamoja, kwa kuwa nadharia ya mageuko haidai jambo hilo. Makala haya yanashikilia kwamba sehemu kubwa ya ubishi wa asili ya binadamu, jinsi unavyoendeshwa kwa Kiswahili, ni ubishi juu ya tafsiri mbovu, na kwamba deni la kuisahihisha liko shingoni mwa wanakiswahili kabla ya kuwa la wanabiolojia.

Si vigumu kuona jinsi tafsiri hiyo ilivyoota mizizi. Chukua mfano wa mwanafunzi wa Mbooni, katika vilima vya Makueni, aliyesoma chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Katika Kidato cha Kwanza, somo la Dini ya Kikristo lilimfundisha masimulizi ya uumbaji yaliyomo katika kitabu cha Mwanzo. Katika kidato hicho hicho, somo la Historia lilimfundisha habari za binadamu wa kale. Alipofika Kidato cha Nne, Biolojia ikamletea mada ya mageuko. Masomo yote matatu aliyapata kwa Kiingereza. Jioni aliporudi nyumbani na kuulizwa na nyanya yake alichojifunza, alilazimika kutafuta maneno ya Kikamba au ya Kiswahili ambayo hakuna mwalimu aliyempa. Neno lililokuwa karibu lilikuwa nyani.

Na nyani anajulikana sana katika nchi hiyo. Ni mnyama anayeteremka kutoka mawe ya mlimani na kuvamia mahindi shambani, anayefukuzwa na watoto kwa mawe na kelele. Kiswahili nacho kimemfanya kuwa kielelezo cha upumbavu na ujanja mbaya: nyani haoni kundule, na kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere. Nyanya anayeambiwa kwamba ukoo wake ulianzia kwa mwizi huyo wa mahindi ana kila sababu ya kucheka, au ya kukasirika.

Mnyama anayetajwa hasa na wanasayansi katika mlinganisho huu ni mwingine kabisa. Ni sokwe, ambaye Tanzania huitwa pia sokwe mtu. Mwituni hapatikani Kenya. Yuko Gombe na Mahale kando ya Ziwa Tanganyika, yuko Kibale na Budongo nchini Uganda, na yuko katika misitu ya Kongo. Sokwe walioko Laikipia waliletwa kutoka nje ya nchi, na hifadhi yao ilianzishwa mwaka 1993. Kwa hiyo watu wengi wa Mbooni hawajawahi kumwona mnyama anayezungumziwa, na nafasi yake imejazwa na yule wanayemwona kila msimu wa mavuno.

Ajabu ni kwamba Kiswahili hakina uhaba wa maneno katika uwanja huu. Kina nyani, tumbili, ngedere, kima, mbega, komba na sokwe. Mzungumzaji wa kawaida anajua kwamba nyani ana mkia na sokwe hana. Tofauti hiyo ndogo ya mkia ni mlango wa tofauti kubwa ya nasaba. Ukoo wa nyani na ukoo uliozaa sokwe na binadamu ulitengana takriban miaka milioni 25 hadi 30 iliyopita, ilhali sokwe na binadamu walitengana yapata miaka milioni 6 au 7 iliyopita. Maana yake ni kwamba sokwe ni jamaa wa karibu zaidi wa binadamu kuliko alivyo jamaa wa nyani. Anayemweka sokwe na nyani katika fungu moja na kumtenga binadamu peke yake anafuata sura ya nje, wala hafuati nasaba.

Dhana ya nasaba yenyewe haipaswi kumsumbua mtu wa Mbooni, kwa maana historia ya mahali pake inaieleza vizuri kuliko vitabu vingi. Masimulizi ya Wakamba, ambayo wanahistoria wameyakubali kwa sehemu kubwa, yanasema kwamba vilima vya Mbooni vilikuwa makao yao makuu ya awali, na kwamba baadaye baadhi yao walivuka mto Athi na kwenda kuishi Kitui. Leo Mkamba wa Kitui na Mkamba wa Makueni wanatambuana kwa lafudhi, kwa baadhi ya msamiati na kwa mengine madogo madogo. Je, kuna anayesema kwamba mtu wa Kitui alitokana na jirani fulani anayeishi Mbooni leo? Hakuna. Husemwa kwamba wote wawili wana wahenga wamoja waliokwisha kufariki, na kwamba kila upande umebadilika kwa njia yake tangu walipoachana. Wala hakuna anayeuliza mbona Mbooni bado kuna watu ikiwa wahenga wa Kitui walitoka huko. Swali la "mbona nyani bado wapo" lina kasoro iyo hiyo.

Mwanafunzi wa isimu ana mfano wa karibu zaidi. Kikamba kina mũndũ na andũ, Kiswahili kina mtu na watu. Kikamba kina mũtĩ na mĩtĩ, Kiswahili kina mti na miti. Nyama ni nyama katika lugha zote mbili. Malcolm Guthrie aliiweka Kikamba katika kundi la E55 na Kiswahili katika kundi la G42, na hakuna mhadhiri anayewafundisha wanafunzi kwamba Kiswahili kilitokana na Kikamba. Wanafundishwa kwamba lugha hizo mbili ni ndugu, na kwamba mzazi wao ni Mame-Bantu. Lugha hiyo mame haikuacha maandishi hata mstari mmoja. Hakuna aliyeisikia ikisemwa. Hata hivyo, wanaisimu wameunda upya mizizi ya maneno yake kwa kulinganisha lugha zilizo hai, neno kwa neno na sauti kwa sauti, na chama chochote cha Kiswahili kingemshangaa mwanachama ambaye angeikana kwa hoja kwamba hakuna aliyeishuhudia. Mfano huu una mipaka yake, kwani lugha hukopa maneno kutoka kwa majirani, jambo ambalo wanyama wakubwa hulifanya kwa nadra mno katika urithi wao. Lakini mbinu ya kufikiri ni ile ile: kufanana kwa mpangilio kunaashiria asili moja.

Wanajenetiki hufanya kazi kama hiyo, isipokuwa matini yao ni DNA. Maandishi ya urithi wa binadamu yana takriban herufi bilioni 3. Mwezi Septemba mwaka 2005 watafiti walichapisha jenomu ya sokwe na kuilinganisha na ya binadamu. Waliona tofauti za herufi moja moja zipatazo milioni 35, sawa na asilimia 1.23 ya sehemu zilizoweza kulinganishwa. Zaidi ya hizo, kulikuwa na vipande vilivyoongezeka au kupotea upande mmoja, ambavyo viliongeza tofauti hiyo kwa takriban asilimia 3. Mwaka 2025, baada ya jenomu za sokwe na jamaa zake kusomwa kikamilifu, ilibainika kwamba kuna sehemu kubwa ambazo haziwezi kupangwa sambamba kirahisi, ingawa tofauti ya herufi moja moja ilibaki karibu asilimia 1.5. Baadhi ya wapinzani wa mageuko walifurahia habari hiyo na kusema kwamba ile asilimia 98 au 99 iliyozoeleka imekufa. Msomi wa fasihi anayelinganisha miswada ya utenzi mmoja hawezi kubabaishwa na hilo. Anajua kwamba kuhesabu maneno yaliyobadilika ni jambo moja, na kuhesabu beti zilizorudiwa au kuachwa na mnakili ni jambo jingine. Hesabu hizo mbili zitatoa asilimia mbili tofauti, na zote zitakuwa kweli. Asilimia bila kipimo chake ni neno bila muktadha.

Ushahidi ulio na uzito zaidi hauko hata katika asilimia. Binadamu ana kromosomu 46, sokwe ana 48. Kromosomu ya pili ya binadamu inalingana na kromosomu mbili za sokwe zilizounganishwa ncha kwa ncha, na mahali pa kiungo hicho pamebaki na alama za ncha za kale. Ni kama kitabu kimoja ambacho katikati yake mna jalada la mwisho la juzuu la kwanza likifuatwa na jalada la juzuu la pili. Anayelipata jambo hilo hahitaji kuambiwa kwamba palikuwa na majuzuu mawili.

Kwa wanafunzi wa lugha, jeni moja ina mvuto wa pekee. Mwaka 2001 watafiti waliitambua jeni iitwayo FOXP2 kwa kuichunguza familia moja ya London ambayo takriban nusu ya watu wake walikuwa na shida kubwa ya kutamka na kupanga maneno. Protini inayotengenezwa na jeni hiyo ina viungo 715, na kati ya binadamu na sokwe vinatofautiana viungo viwili tu. Ni kosa kuiita jeni ya lugha, kwa kuwa lugha hutegemea jeni nyingi, malezi na jamii. Hata hivyo, ni funzo kwamba mabadiliko madogo katika mwili yanaweza kugusa uwezo mkubwa. Umbali kati ya sokwe na mtunga mashairi haupimwi kwa idadi ya herufi zilizobadilika, na anayekubali undugu wa kinasaba hajakana upekee wa binadamu.

Mjadala huu ulifika hadharani nchini Kenya mwaka 2006. Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi yalikuwa yamefungwa kwa ukarabati tangu mwaka uliotangulia, na mpango ulikuwa kuonyesha hazina ya visukuku vya binadamu wa kale, kikiwemo kiunzi cha Mvulana wa Turkana. Askofu Boniface Adoyo, aliyekuwa kiongozi wa muungano wa makanisa ya kiinjili, aliupinga mpango huo. Alikana kwamba ana asili moja na kiunzi hicho, na akataka umma uelezwe kwamba mageuko ni nadharia tu. Mtaalamu Richard Leakey aliyatetea maonyesho kwa ukali wake unaojulikana. Makumbusho yalifunguliwa tena mwaka 2008 na mifupa ikaonyeshwa. Pande mbili zilitoka uwanjani jinsi zilivyoingia.

Hapo neno "nadharia" lilifanya kazi mbaya sawa na neno "nyani". Katika mazungumzo ya kawaida, nadharia ni kinyume cha vitendo, au dhana isiyothibitishwa. Lakini wasomaji wa jarida kama hili wanalitumia neno hilo kila siku kwa maana nzito. Hakuna anayesema kwamba nadharia ya fonolojia ni kisio tu. Nadharia ni mfumo wa maelezo unaoyafungamanisha mambo mengi yaliyochunguzwa na unaoweza kusahihishwa na ushahidi mpya. Kama wanakiswahili wanaijua maana hiyo na wanaiacha ndani ya kumbi za mihadhara, ni nani mwingine atakayeifikisha sokoni Tawa au kanisani Kikima?

Ni lazima pia kukiri kwamba hasira dhidi ya sentensi ile ina historia yenye maumivu. Kwa muda mrefu Mwafrika amefananishwa na nyani na watu waliotaka kumdharau. Mwezi Septemba mwaka 1906 Ota Benga, kijana kutoka Kongo, aliwekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ili watazamaji wamwangalie. Wachungaji weusi wa mji huo walipinga kwa niaba ya utu wake, na baadhi yao walisema wazi kwamba maonyesho hayo yalikusudiwa kuitangaza nadharia ya Darwin. Mtu akikumbuka hayo, ataelewa kwa nini sentensi inayomtaja nyani husikika kama tusi kabla ya kusikika kama hoja. Lakini jenetiki ya leo imewaumbua waliomfanyia Ota Benga unyama huo. Watu wawili wowote duniani hutofautiana kwa takriban asilimia 0.1 ya herufi zao, na tofauti nyingi zaidi zimo ndani ya Afrika yenyewe, kwa kuwa binadamu wameishi huku muda mrefu kuliko kwingineko. Kama sokwe ni jamaa wa binadamu, ni jamaa wa Mzungu na wa Mkamba kwa kiwango kile kile.

Kuhusu imani, Ukambani una somo lake. Masimulizi ya kale husema kwamba Mulungu aliwatoa watu wa kwanza kutoka katika mwamba wa Nzaui, na nyayo zinazosemekana kuwa zao huonyeshwa juu ya jiwe. Mwaka 1895 wamisionari wa African Inland Mission, wakiongozwa na Peter Cameron Scott, walianzisha kituo chao cha kwanza papo hapo Nzaui, na kuhubiri habari za Adamu na bustani ya Edeni. Simulizi ya pili haikuifuta ya kwanza. Mtoto wa Makueni bado huzisikia zote mbili. Mwanafunzi wa fasihi simulizi, anapokichambua kisasili cha Nzaui, hakipimi kwa umri wa miamba. Huuliza kinasema nini kuhusu uhusiano wa mtu na Muumba wake, na wa mtu na ardhi yake. Wapo waumini wengi wanaokisoma kitabu cha Mwanzo kwa namna inayokaribiana na hiyo, na Papa Yohane Paulo wa Pili alitamka mwaka 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu. Wapo wengine wasiokubali, na haki yao ni ya kuheshimiwa. Kiswahili chenyewe kina upande katika suala hili: neno binadamu lina maana ya mwana wa Adamu, na hakuna sababu ya kulitupa. Tanzania iliunda kutoka kwake neno zamadamu kwa ajili ya binadamu wa kale, na watoto wa huko hulisoma bila kuona kwamba wamekufuru.

Atakuwepo atakayesema kwamba makala haya yanalipa neno uzito usiostahili. Kwamba watu hukataa mageuko kwa sababu ya imani, na kwamba hata wakipewa istilahi safi wataendelea kukataa. Huenda ni kweli kwa wengi. Lakini anayekataa jambo asilolielewa hajalikataa jambo lenyewe, amekikataa kivuli chake. Haki ya kukataa haikamiliki bila haki ya kuelewa kwanza, na kwa umma wa Afrika Mashariki haki hiyo hupitia Kiswahili.

Anayeonyesha uzito wa deni hili kuliko mwingine yeyote ni Kamoya Kimeu, Mkamba mzaliwa wa Makueni aliyefariki mwezi Julai mwaka 2022. Alianza kama kibarua wa kuchimba katika kazi za Louis na Mary Leakey. Mwaka 1964 alipata taya la zamadamu huko Peninj, karibu na Ziwa Natron. Mwezi Agosti mwaka 1984, kando ya mto Nariokotome magharibi mwa Ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha fuvu kilichofanana na vijiwe vilivyokizunguka. Kipande hicho kilikuwa mwanzo wa Mvulana wa Turkana, aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita, na ambaye kiunzi chake ni miongoni mwa vilivyo kamili zaidi kuwahi kupatikana kwa umri huo. Kiumbe cha kale kinachohesabiwa na wengi kuwa miongoni mwa wakongwe wa jamii ya sokwe kimepewa jina la Kamoyapithecus kwa heshima yake. Wenzake wengi katika kundi la wachimbaji walikuwa Wakamba pia. Watu hao walizungumza Kikamba na Kiswahili juani. Ripoti zikaandikwa kwa Kiingereza na kusomwa ng'ambo. Leo bado kuna mzee huko kwao anayeamini kwamba habari ya asili ya binadamu ni uzushi wa Wazungu, ilhali jicho lililoiona mifupa hiyo lilikuwa la mtoto wa jirani yake.

Yapo mambo ambayo vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kuyafanya bila kusubiri fedha za serikali. Kwanza, kuliondoa neno nyani katika kila maandishi ya Kiswahili yanayoeleza asili ya binadamu, na mahali pake pawekwe sokwe panapostahili sokwe, na mhenga wa pamoja panapostahili mhenga. Pili, kukaa na wanafunzi wa biolojia na kukubaliana juu ya istilahi za jeni, mageuko, kisukuku na zamadamu, ili Kenya na Tanzania zisiwe na misamiati miwili. Tatu, kuandika kwa Kiswahili chepesi habari za Kamoya Kimeu na wenzake, na kuzipeleka katika shule za Mbooni, Kitui na kwingineko, ambako wanafunzi wanajua majina ya wavumbuzi wa kigeni kuliko jina lake.

Baada ya hapo, mchungaji na mwalimu wabishane wapendavyo. Mmoja atasema binadamu aliumbwa siku ya sita, na mwingine atasema alichukua mamilioni ya miaka, na huenda wa tatu akasimama aseme kwamba haoni ugomvi kati yao. Nyanya wa Mbooni atawasikiliza wote na kuamua kwa akili yake. Kilicho muhimu ni kwamba hatakuwa anamhukumu nyani kwa kesi isiyomhusu.